Kioo cha Bibi Tabea

Mvua ya Njombe haibishi hodi. Ilimkuta Kasimiri Haule juu ya baiskeli, kwenye barabara ya vumbi ambayo kwa muda wa kuimba pambio moja iligeuka uji, ikamlazimisha kufanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi: kuingia nyumba ya mtu bila mpango wa kumwibia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mjane aitwaye Bibi Tabea. Jikoni kulijaa moshi, kuku na harufu ya viazi vinavyochemka. Kasimiri alifuta macho, akaona kitabu cha nyimbo cha Kilutheri juu ya kabati, na papo hapo akaokoka.

"Kamwene, mama. Mimi ni Mwinjilisti Elieza Sanga, kutoka Matamba."

Jina lake halisi hakulitumia katika nyumba ngeni. Alilitunza lisichakae.

"Kamwene, mwanangu. Sogea motoni, usije ukatufia hapa."

Alisogea, akainua macho, na mvua, viazi na injili vikamtoka kichwani. Juu ya moto, chini ya dari ambako watu wa huko hukausha mbegu za mahindi, kulitundikwa kioo. Si kioo cha kunyolea ndevu. Kilikuwa kipana kama dirisha, kimezungushiwa fremu ya mbao iliyochongwa majani, zabibu na malaika wawili wanene ambao ni dhahiri hawakuwahi kuonja njaa. Chini ya masizi, dhahabu iling'aa. Kuku mmoja alikuwa amepanda juu ya kinu na kujinyoosha, akipigana na mwenzake aliyemwona ndani ya kioo, na kwa jinsi manyoya yalivyotapakaa, ugomvi wao ulikuwa wa siku nyingi.

Kasimiri aliijua dhahabu. Alijifunza kuipaka akiwa kijana, katika karakana ya misheni moja upande wa Ludewa, akiwavisha watakatifu wa mbao taji zao, na aliiacha kazi hiyo nzuri siku ile ile mapadre walipoamua kuhesabu makopo ya rangi. Tangu hapo alikuwa akizunguka na baiskeli, akiuzia watu pete alizozipaka mwenyewe mpaka kucha zake zikawa za njano, saa na tumaini.

Lakini kilichomteka kilikuwa lori. Kule Mufindi kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, mke wa meneja wa shamba la chai, ambaye alimtamkia, kwa kile Kiswahili cha kuagizia maji ya kuoga, kwamba atakayemletea kioo halisi cha kale cha Ulaya, kilichochongwa na kupakwa dhahabu, atachukua lori lao kuukuu lililolala nyuma ya ghala. Kasimiri alilichungulia lori hilo. Alikaa mpaka kwenye kiti chake. Tangu siku ile kila akipanda mlima na baiskeli aliliona, yeye akiwa ndani, kiwiko dirishani, na watu wakimwita bwana.

"Mama, kitu hiki kizuri kimefikaje jikoni?"

"Niliachiwa na mama wa Kijerumani niliyempikia. Vita ya Hitla ilipokuja wakakusanywa wote, wakachukuliwa. Akaniambia, Tabea, kitunze kioo changu. Nakitunza."

"Juu ya moto?"

"Unataka nikiweke wapi? Dumuzi wa hapa, walao mbegu na mbao, hawana heshima hata kidogo kwa vitu vya Ulaya. Penye moshi hawafiki."

"Na hii dhahabu?"

"Macho ni yako, mwanangu."

Kasimiri akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama kinauzwa. Bibi Tabea akageuza viazi.

"Nimekwisha kumtolea Bwana. Jumapili ya Mavuno kitawekwa mezani nje ya kanisa pamoja na maboga na kuku, kipigwe mnada. Atakayempenda Mungu zaidi atanunua."

"Naomba basi nikishike kidogo, nione uzito wake."

"Cha Bwana hakishikwishikwi, mwinjilisti. Au kule Matamba mnashika?"

Kule Matamba hawashiki, Kasimiri akaungama. Mvua ikakatika, akaaga, akaondoka akipiga miluzi. Kitu cha thamani ya lori, kikauzwe kati ya maboga, kwa wakulima ambao mfukoni wana kamba na mbegu! Aliwahurumia sana, na huruma hiyo ilimpa nguvu za kupanda milima yote.

Hatari ilikuwa moja tu, nayo ilikaa Makambako. Hezekia Mligo alikuwa na duka, mashine ya kusaga, lori linalotembea, na ugonjwa: hakuweza kuona mtu akitazama kitu mara mbili bila kukinunua yeye. Alizaliwa katika usharika ule wa Bibi Tabea, na kila Mavuno alirudi kuketi benchi la mbele, ili Mungu asipate shida ya kumtafuta. Mtu huyo akisimama mnadani, kioo kimekwenda.

Kwa hiyo Kasimiri alihitaji fedha za kununulia kioo, na alihitaji Hezekia asikitake. Wachache wangeona kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Kasimiri aliona: angemuuzia Hezekia kioo.

Makambako alimpata seremala wa majeneza aliyekubali kuchonga malaika, ingawa malaika wenyewe walitoka na nyuso za wafiwa. Kasimiri akasiliba fremu kwa chokaa na gundi, akapaka udongo wa njano, akamalizia na unga wa dhahabu kutoka kopo la misheni, maana siku ya kuhesabu hawakuyapata yote. Kisha akakitundika kioo jikoni kwa mama mmoja muuza ulanzi, pombe ya mianzi, juu ya moto, katikati ya magunzi. Huo ndio ufundi aliojivunia kuliko wote. Moshi wa jiko la nyanda za juu, ukiuachia wiki chache, unamzeesha hata mtoto mchanga. Kioo kiliingia pale kikiwa na harufu ya randa, kikatoka kimeonja enzi za wafalme.

Alipokifunua mbele ya Hezekia, dukani, alifunga kwanza mlango.

"Mzee, sitaki watu waone."

Hezekia akavaa miwani yake ya kutazamia noti. "Hiki si kama kile cha Tabea?"

"Ni pacha wake. Vilikuja Tanganyika pamoja, kimoja cha bwana mkubwa, kimoja cha msaidizi wake. Kile cha Tabea ni cha msaidizi."

"Na hiki?"

Kasimiri alitazama chini kwa unyenyekevu, kama mtu aliyekatazwa kutaja jina la bwana mkubwa. Hezekia akasogea karibu.

"Nani mwingine amekiona?"

"Karani mmoja alikitazama, mzee. Akarudi kukitazama tena."

Biashara ikaisha hapo. Fedha zilipokuwa zikibadilisha mfuko, Kasimiri alitoa mawaidha mawili. La kwanza, Jumapili ya Mavuno mzee asishindanie kile kidogo, maana ni aibu mwenye kikubwa kugombea kidogo. La pili, kioo kisipanguswe kabisa. "Dhahabu ya kale haipendi kitambaa."

Hezekia aliyashika yote mawili kwa moyo. Alichosahau ni kumweleza mke wake, Ema, mwanamke ambaye alikuwa akipangusa hata mbuzi.

Jumapili ya Mavuno Kasimiri alifika kanisani mapema, ndani ya koti lake la sufu, na baiskeli aliyoisugua mpaka ikawa na kiburi. Kanisa lilikuwa juu ya kilima. Upande wa mashariki paa lake lilikuwa la mabati mapya yanayoumiza macho, upande wa magharibi nyasi kuukuu, kana kwamba fedha ziliishia katikati. Mtu mwenye udadisi angeuliza mabati yametoka wapi katika kijiji cha viazi. Kasimiri alikuwa akiwaza lori.

Ibada ilimpa taabu mara moja tu. Mchungaji aliposema tuombe, mkono wa kulia wa Kasimiri, uliolelewa na Wakatoliki, ulipanda wenyewe mpaka kwenye paji la uso. Aliukamata hapo hapo, akajikuna. Bibi Tabea, aliyeketi benchi la pili, alimtazama akijikuna, kisha akafumba macho na kuomba kwa bidii.

Baada ya ibada watu wote walitoka uwanjani. Vitu vilipangwa juu ya meza na chini yake, na mzee wa kanisa aitwaye Enoki, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, akaanza kunadi. Mwalimu wa shule alinunua boga, akalipa, na mzee Enoki akalirudisha boga mezani. Mama mmoja akalinunua boga lile lile, akalipa, likarudi mezani. Watu walipiga vigelegele. Kasimiri alidhani mzee ni msahaulifu, akamsikitikia. Akawaza kwamba kwa mnadi wa namna hii mambo yatakuwa mepesi.

Kisha kikaletwa kioo. Juani, malaika waliwaka. Kasimiri akataja bei. Mtu wa nyuma akapandisha. Kasimiri akapandisha. Mtu wa nyuma akapandisha tena, kwa sauti iliyotoka upande waliposimama majirani wa Bibi Tabea, lakini Kasimiri hakuwa na nafasi ya kugeuka. Akataja bei ya kuwanyamazisha wote, akahesabu noti za Hezekia juu ya meza, akanyoosha mikono miwili kuchukua lori lake.

Mzee Enoki akaingia katikati ya mikono hiyo na kumkumbatia.

"Wapendwa! Mgeni wetu wa Matamba amemnunulia Bwana!"

Vigelegele vikapasuka. Kioo kikarudi mezani.

"Samahani, mzee," Kasimiri alinong'ona begani mwake. "Nimelipa."

"Umelipa, mwinjilisti, na Bwana ameona! Wapendwa, mgeni amerudisha!"

Hapo ndipo boga lilipompambanukia. Kwa Walutheri wale, kununua sadaka ya Mavuno ni hatua ya kwanza tu. Mwenye moyo hulipa, kisha hukirudisha kitu mezani kiuzwe tena kwa Bwana, na mgeni, tena mtumishi wa Neno, akionekana anakibeba kwenda nacho kwao, habari yake itasimuliwa mpaka Mavuno yajayo. Kila mtoto wa pale alilijua hilo. Mwinjilisti yeyote angelijua. Mtu pekee uwanjani asiyelijua alikuwa Mkatoliki mmoja mwenye jina la kuazima, na huyo hakuwa na namna ya kuuliza.

Kasimiri akacheka kwa meno yote, kama mtu aliyekanyagwa na ng'ombe mbele ya wakwe. Mfukoni fedha zilibaki. Lori bado lilikuwa lake.

"Mzee Enoki!" akapaza sauti. "Nanunua tena. Lakini mara hii nanunua kama mwenyeji. Mimi si mgeni hapa, mimi ni ndugu yenu."

Aliona ni akili hiyo.

"Mmesikia?" Mzee Enoki alilia machozi kabisa. "Ndugu! Na mwenyeji ni nani asiyerudisha?"

Noti za mwisho zikashuka mezani. Kwaya ikaanza wimbo, na wakati wa ubeti wa kwanza, kwa heshima, wakampa Kasimiri akishike kioo mbele ya watu.

Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukigusa. Vidole vyake, ambavyo vilikuwa vyaminifu kuliko yeye, vilipita nyuma ya fremu vikakuta vigingi vya mwanzi. Mafundi wa Ulaya wamefanya mengi, lakini hawajaunga fremu kwa mianzi ya ulanzi. Akakwaruza kwa ukucha chini ya bawa la malaika: chokaa, udongo wa njano, unga wa kopo. Akanusa. Moshi wa jikoni, ule ule wa kuzeeshea, wa miaka michache tu. Malaika yule hakuwa ameiona Ulaya hata kwenye picha.

Iliuma. Kasimiri aliumia kweli kweli, kwa uchungu wa mtu mwema aliyedhulumiwa, na kule Mufindi, nyuma ya ghala, lori likafifia kiti kwanza, kisha usukani. Wimbo ulikuwa na beti nyingi. Alizisikiliza zote.

Alikuwa anarudi nyuma polepole kuelekea baiskeli yake, ndipo benchi la mbele, lililohamishiwa uwanjani, likalia na Hezekia Mligo akasimama. Nyuma yake walisimama wapakuzi wake wa magunia, wawili, na katikati yao kitu kipana kilichofungwa blanketi. Ema, mkewe, alishika kitambaa cha kupangusia. Kitambaa kilimetameta kama joho la askofu.

"Wapendwa," Hezekia alisema kwa upole uliomtisha Kasimiri kuliko kelele. "Mungu amenipa kioo kizuri mno. Nikajiuliza, kwa nini nikifaidi peke yangu? Nimemletea Bwana." Blanketi likafunuliwa, na malaika wenye nyuso za wafiwa wakatazama umati. Mmoja alikuwa amebaki na dhahabu upande wa shavu tu. "Mwinjilisti huyu alinihakikishia hiki ndicho halisi, cha bwana mkubwa. Alipenda kile kidogo akakinunua mara mbili. Hiki hatakubali kiende kwa mtu mwingine. Au nasema uongo, mwinjilisti?"

Kasimiri aliwatazama wapakuzi. Mmoja alikuwa akikunja mikono ya shati.

"Husemi uongo, mzee. Ila fedha zangu zote nimemtolea Bwana."

"Baiskeli je?"

"Na koti," Ema aliongeza. "Ni sufu ile. Nimeishika wakati wa salamu."

Mnada ulikuwa mfupi. Baiskeli ikaegemezwa mezani karibu na maboga, koti likatundikwa juu yake, na Kasimiri akabaki na shati katika upepo wa Njombe. Lakini alikuwa mtu wa kujifunza. Kabla mzee Enoki hajafumbua kinywa, alinyoosha mikono juu na kupiga kelele:

"Narudisha! Namrudishia Bwana!"

Mzee Enoki alipitisha kidole gumba juu ya malaika, akakitazama kidole, kikawa cha njano. Akakipangusa kwenye nyasi.

"Hapana, mwanangu," alisema kwa huruma. "Leo umetoa kupita kiasi. Hiki, Bwana amekuruhusu uende nacho."

"Amina," wakasema wote, Hezekia kwa sauti kubwa zaidi.

Kilibaki kile cha kwanza. "Nani atampa Bwana neno la mwisho juu ya kioo hiki?" Bibi Tabea akatoka na kuku chini ya kwapa, yule mgomvi. "Kuku mmoja! Kimeuzwa!" mzee Enoki akamaliza kabla mtu hajavuta pumzi, na wanawake wawili wakakibeba kioo kushuka kilima, kuelekea jikoni kwake.

Bibi Tabea alimkuta Kasimiri kwenye kona ya njia, amefunga kioo chake mgongoni kwa kamba. Akampa viazi vya njiani, bado vya moto, ndani ya jani la mgomba.

"Mama, umeniibia kanisani," Kasimiri alisema.

"Mimi? Nilikwambia nini? Nilisema niliachiwa kioo. Kioo nimeachiwa, ndicho kile kile. Fremu yake dumuzi waliila wakaimaliza, marehemu mume wangu akachonga nyingine. Hukuuliza habari za fremu."

"Na dhahabu?"

"Dhahabu uliisema wewe." Akanyoosha kidole kanisani. "Mwaka juzi alikuja dalali wa ng'ombe kutoka Iringa. Mwaka jana Mgiriki, tena alilia. Ndio ule upande wa mashariki. Wewe umeanza magharibi."

Kasimiri alilitazama paa. Alitafuta hasira, akapata njaa, akamenya kiazi.

"Rangi imeanza kupauka," Bibi Tabea aliendelea, kama anayezungumza habari za shamba. "Nilipoona kucha zako siku ile ya mvua nikasema, huyu ni fundi. Wiki moja kabla ya Mavuno yajayo njoo uipake. Utakula, utalala. Na ukija, ule msalaba wako uufanye mpaka mwisho, usijikunekune. Hatumfukuzi mtu."

Kasimiri alishika njia ya Makambako, na mvua, isiyobisha hodi, ikamkuta tena kabla hajafika mbali. Dhahabu ya malaika ilimchuruzika shatini mpaka kiunoni. Lori la Hezekia likampita likimrushia matope. Juu ya magunia ilikuwa baiskeli yake, iliyonadiwa baada ya maboga, na dirishani Ema, ndani ya koti, alikuwa akipangusa kioo cha gari.

Mavuno ya mwaka uliofuata, malaika wa Bibi Tabea waling'aa kuliko walivyowahi kung'aa. Alikuwepo bwana mmoja mwenye tai, mgeni wa kutoka mbali sana, aliyejitambulisha kuwa Mlutheri wa tangu kuzaliwa. Alizunguka meza ya maboga akijifanya haoni kitu, kisha akamsogelea mtu aliyeegemea ukuta wa magharibi, mtu wa kawaida tu, mwenye kucha za njano.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "ile dhahabu, ni ya kweli?"

"Macho ni yako, bwana," alisema Kasimiri.